Babu alikuwa "ishirini na sita": kikosi au brigedi?

Msomaji mmoja wa Tabora ameniandikia hivi:

"Shikamoo. Marehemu babu yangu alikuwa keya, na alipigana vita vya Bama. Kila tulipomuuliza alikuwa jeshi gani alijibu 'mimi wa ishirini na sita', basi. Neno jingine aliloshikilia ni 'Kalewa'. Sisi wajukuu tulidhani anasimulia mtu aliyelewa, tukawa tunacheka. Sasa nimekuta mahali pametajwa Brigedi ya 26 ya Afrika Mashariki, ya askari wa miguu. Je, hiyo ndiyo ya babu? Ilipita wapi, na ni kweli ilikuwepo tangu vita vya Mjerumani? Karatasi zake zililiwa na mchwa. Imebaki nyota moja ya shaba na kipande cha utepe."

Marahaba, mjukuu wa keya. Nianze na lile mlilolicheka. Kalewa ni mji mdogo wa Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar, mahali mto Myittha unapoingia mto mkubwa wa Chindwin. Desemba 1944 mji huo ulitekwa na askari wa Afrika Mashariki. Babu yenu alikuwa anawatajia alikofika.

Kuhusu 26, jibu langu la haraka ni kwamba huenda hiyo brigedi siyo yake. Nadhani alikuwa katika kikosi kilichoitwa 26 KAR, kikosi cha Tanganyika, na kikosi hicho hakikuwa ndani ya Brigedi ya 26. Kilikuwa ndani ya Brigedi ya 25. Lakini Brigedi ya 26 nayo ilikuwa na kikosi cha Watanganyika, namba yake 36. Kwa hiyo mtu wa Tabora aliyesema "ishirini na sita" angeweza kuwa upande wowote kati ya hizo mbili. Usikate tamaa, maana pande zote mbili zilitembea bonde lile lile, mvua ile ile, mpaka Kalewa ile ile.

Tupange kwanza maneno, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinapotea njia. KAR ni herufi za King's African Rifles, ambazo midomo ya watu wetu ilizigeuza kuwa "keya". Hilo ni jina la jeshi zima la askari Waafrika chini ya Mwingereza katika Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (leo Malawi) na, wakati wa vita, Somalilandi. Jeshi hilo liligawanywa katika vikosi, kila kimoja na namba yake na watu wapatao 800. Kikosi kina kombania, kombania ina platuni, platuni ina seksheni. Askari alizaliwa kijeshi ndani ya kikosi. Humo ndimo alimofanya ukuruta, alimopewa bunduki, alimopandishwa koplo, alimojua jina la sajini meja wake hadi siku ya kufa.

Brigedi ni kitu kingine. Wewe ni mtu wa Tabora, kwa hiyo nitakueleza kwa treni. Treni ikitoka Dar es Salaam na kufika Tabora hukatwa. Mabehewa mengine huvutwa kwenda Kigoma, mengine Mwanza. Kichwa cha treni kina namba yake, lakini behewa lililokuwa nyuma yake jana leo laweza kuwa nyuma ya kichwa kingine. Brigedi ndiyo kichwa: brigedia mmoja, ofisi yake, watu wa simu za upepo, na amri ya kuongoza kwa kawaida vikosi vitatu. Vikosi ndivyo mabehewa. Ndiyo maana kufuata namba ya brigedi peke yake kunaweza kukupeleka Kigoma wakati babu alishukia Mwanza. Fuata behewa.

Namba za vikosi nazo zina siri yake. Kikosi mama cha Tanganyika kilikuwa cha 6. Vita vilipopamba moto na vijana wakaandikishwa kwa wingi, vilizaliwa vikosi vingine vya Tanganyika vikapewa namba zilizoishia na 6: 26, 36, 46. Vya Uganda utakuta 4, 34 na 44. Kwa hiyo 26 ya babu, ikiwa ni kikosi, inasema mambo mawili kwa pamoja, kwamba alikuwa keya na kwamba alikuwa wa Tanganyika. Mwanajeshi wa kawaida alijitaja kwa kikosi. Brigedi ilikuwa habari ya maofisa na ramani zao. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya niegemee upande wa kikosi.

Sasa vita vya Mjerumani. Brigedi ya 26 ya Afrika Mashariki haikuwepo mwaka 1914, wala 1918. Ni zao la Vita vya Pili. Katika Vita vya Kwanza keya walipigana zaidi katika safu, yaani makundi yaliyoungwa na kuvunjwa kadiri ya msako, kwa sababu adui waliyemfuata, Paul von Lettow-Vorbeck, hakukaa mahali pamoja. KAR ilikuwa imeundwa tarehe 1 Januari 1902. Mwaka 1914 ilikuwa jeshi dogo la vikosi vitatu tu, lakini vita vilipokwisha ilikuwa na vikosi 22. Lettow-Vorbeck alikuja kuweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Ila mzizi wa babu yako unafika huko. Kikosi cha 6 cha keya kiliundwa mwaka 1917, na kiliundwa na watu gani? Na askari waliokuwa wa Mjerumani. Watu waliotekwa au waliokwisha achana na jeshi la Lettow-Vorbeck, wakavuliwa sare moja na kuvishwa nyingine, wakarudi msituni kupigana na wenzao wa jana. Wengi hawalijui jambo hili, na kwangu mimi ni miongoni mwa mambo mazito kabisa katika historia ya kijeshi ya nchi yetu. Kikosi mama cha Tanganyika katika jeshi la Mwingereza kilianzishwa na mikono iliyofunzwa na Mjerumani. Kwa hiyo ukiulizwa kama ya babu "ilikuwepo tangu vita vya Mjerumani", jibu brigedi haikuwepo, 26 haikuwepo, ila mama yake alikuwepo.

Vita vya Pili viliwakuta 6 KAR wakiwa hai, na hapa nikae kidogo, kwa sababu kuna mahali panapoitwa Colito.

Waitaliano walikuwa wameikalia Uhabeshi na Somalia. Mwanzoni mwa 1941 majeshi yaliyotoka Kenya yalivuka mpaka. Ndani yake ilikuwemo Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, na ndani ya brigedi hiyo kikosi cha kwanza cha 6 KAR, Watanganyika. (Kikosi cha 22 KAR ni kitu kingine tena, cha watu wa Nyasaland; unaona namba zinavyotega.) Brigedi iliongozwa na Brigedia Fowkes, jina la kukumbuka, tutakutana naye tena. Walivuka mto Juba, wakapanda nyanda za juu, na kufikia Mei walikuwa kwenye nchi ya maziwa kusini mwa Addis Ababa, mvua za masika zikiwa zimeharibu kila njia. Tarehe 19 Mei 1941 walikuta Waitaliano wamejipanga ng'ambo ya mto Billate, karibu na Colito. Daraja lilikuwa limevunjwa. Kombania mbili zikavuka kwa miguu zikashika ukingo wa pili. Hapo vifaru vya Waitaliano vikatoka vichakani, na hao waliovuka hawakuwa na silaha yoyote ya kupasua chuma.

Sajini mmoja wa kikosi hicho, Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya, alirukia kifaru kilichokuwa kinawajia askari kwa nyuma, akafungua mfuniko wake wa juu, akawapiga bastola waliokuwemo akamwacha dereva, akamlazimisha akiendeshe hadi mafichoni. Kisha akakimbilia kingine, akakipanda, akafungua tena, na hapo akauawa. Vita siku ile viliishia kwa Waitaliano kushindwa. Leakey alipewa nishani ya Victoria Cross, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa Mwingereza, na jina lake limebaki vitabuni. Majina ya Watanganyika waliokuwa wamelala kwenye ukingo ule, waliokuwa wanakwenda kusagwa kama asingeruka, hayakuandikwa hivyo. Ninaposoma habari za Colito huwa nawatafuta wao kwanza.

Na jina hilo lilirudi nyumbani. Kambi kubwa ya jeshi ya Dar es Salaam iliitwa Colito kwa kumbukumbu ya siku hiyo. Ndiyo kambi ambayo maasi ya Januari 1964 yalianzia. Leo unaijua kwa jina la Lugalo, jina la mahali Mkwawa na Wahehe walipoipiga safu ya Wajerumani ya Zelewski mwaka 1891. Kila siku watu wanapita pale kwa daladala bila kujua kwamba chini ya Lugalo kuna Colito.

Sasa shika hii, maana inakuhusu moja kwa moja. Wakati ule ule, kikosi cha pili cha jeshi la Tanganyika kilikuwa Tabora kwenu, na kambi yake iliitwa Kalewa. Baada ya uhuru, 6 KAR iligeuka kuwa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles, chenye makao Colito. Kikosi cha pili, kile cha Kalewa, kilikuwa ndicho 26 KAR. Yaani kikosi kilichotokana na namba ya babu yako na neno lake la pili vilikaa pamoja katika mji wako mpaka mwaka 1964, wakati jeshi lile lilipovunjwa baada ya maasi na kuundwa JWTZ. Ndiyo maana nilipoona "Tabora", "ishirini na sita" na "Kalewa" katika barua moja nilisimama nikatembea chumbani.

Turudi kwenye brigedi, usije ukasema nimekwepa swali. Brigedi ya 26 ilionekana kwanza katika vita vya Uhabeshi. Pamoja na ya 25 ilishiriki kuipiga Gondar, ngome ya mwisho ya Waitaliano, milima mirefu yenye baridi ya kukata mifupa kwa watu waliovaa kaptula. Gondar ilisalimu amri tarehe 27 Novemba 1941 na Jenerali Nasi akatekwa. Lakini mabehewa yaliyokuwa nyuma ya kichwa hicho Gondar si yale yaliyokwenda Burma. Baada ya hapo ilipangwa upya, na mwaka 1943 iliingizwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake begani ilikuwa kichwa cha kifaru, mnyama. Mkuu wa divisheni akawa yule yule Fowkes, sasa jenerali.

Divisheni hiyo ilikuwa na brigedi tatu. Brigedi ya 21 ilibeba watu wa Nyasaland, Uganda na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Brigedi ya 25 ilikuwa na 11 KAR ya Kenya, 26 KAR ya Tanganyika na 34 KAR ya Uganda. Brigedi ya 26 ilikuwa na 22 KAR ya Nyasaland, 36 KAR ya Tanganyika na 44 KAR ya Uganda. Hapo ndipo fumbo lako lilipo: Watanganyika wa 26 waliishi katika 25, na Watanganyika wa 36 waliishi katika 26.

Usidhani pia kwamba kikosi cha Tanganyika kilikuwa na Watanganyika watupu. Waruhiu Itote, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa koplo wa keya Burma, na kikosi chake kilikuwa 36, ingawa yeye alikuwa Mkikuyu wa Nyeri. Kiswahili kilifanya kazi kubwa humo. Kijana wa Kiyao, wa Kikuyu na wa Kinyamwezi walilala hema moja wakiapizana kwa Kiswahili cha amri. Neno "afande", ambalo mwanao akienda JKT atalitamka mara mia kwa siku, ni urithi wa majeshi hayo ya kikoloni.

Mwaka 1943 divisheni ilipelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka, kujifunza vita vya msituni. Safari yenyewe ilikuwa hatari. Februari 1944 msafara wa meli ulitoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Katika meli iitwayo Khedive Ismail walikuwemo wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na wanamaji. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga kwa makombora ya majini, na meli ikazama kwa muda wa kama dakika mbili. Watu 1,297 walikufa, na zaidi ya nusu walikuwa wapiga mizinga hao wa kwetu. Waliokuwa wakielea wakakutwa na janga la pili. Manowari za ulinzi ziliitafuta nyambizi iliyojificha chini yao, na mabomu yakatupwa kwenye maji yale yale waliyokuwemo. Nyambizi ilizamishwa. Majina ya wapiga mizinga hao yamechongwa kwenye mnara wa ukumbusho katika makaburi ya vita ya Nairobi, yamesomeka wazi, jina kwa jina. Nenda siku moja ukayapitie. Utakuta majina ya ukoo unayoyajua.

Katikati ya 1944 Wajapani walikuwa wameshindwa Imphal, India, wakawa wanarudi nyuma kuingia Burma. Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la 14, alikataa kungoja mvua zikatike. Mwezi Agosti Divisheni ya 11 ilichukua zamu karibu na Tamu, ikaambiwa ishuke bonde la Kabaw, kuelekea kusini.

Nikuambie bonde la Kabaw lilivyokuwa, kwa sababu nadhani hapo ndipo babu alipojifunza kunyamaza. Ni ukanda mwembamba kati ya milima, wenye misitu ya misaji na nyasi ndefu, na mvua ya pale haina mapumziko. Barabara iligeuka uji. Malori yalizama mpaka ekseli, askari wakakata miti na kupanga magogo kwa maelfu, moja kando ya jingine, ili gurudumu lipate pa kukanyaga, na usiku magogo yale yalimezwa na matope, ikabidi asubuhi waanze upya. Waingereza waliliita bonde la kifo, na si kwa sababu ya risasi kwanza. Malaria ilikuwa kila mahali, na kulikuwa na homa nyingine mbaya inayoletwa na wadudu wadogo wa nyasini. Kila askari alimezeshwa kidonge cha manjano kiitwacho mepakrini mbele ya mkubwa wake, kila siku.

Njiani walikuta Wajapani waliokwisha kufa kwa njaa na ugonjwa, wengine wamekaa wameegemea miti, silaha mapajani. Waliokuwa hai walikuwa wamechimba mahandaki kwenye kona za njia na juu ya vilima, wakipigana mpaka mtu wa mwisho. Njia ya kuwatoa ilikuwa polepole: mizinga, kisha seksheni moja ikapanda mbele, nyingine ikazunguka ubavuni porini, watu kumi hapa, kumi pale. Hakuna jemadari anayeweza kupigana vita hivyo kwa niaba ya koplo. Na makoplo na masajini wengi walikuwa Waafrika. Cheo cha juu alichofikia Mwafrika wa keya kilikuwa warantofisa wa kuongoza platuni. Kutoka hapo kwenda juu, mlango ulifungwa, hata kama ulilijua pori kuliko luteni aliyefika jana.

Chakula kilitoka mbinguni, kwa maana halisi ya neno. Ndege zilipita chini juu ya uwazi uliokatwa msituni. Risasi na dawa zilishuka kwa miavuli, nafaka ilitupwa hivi hivi, ndani ya gunia lililovikwa gunia jingine, ili la ndani likipasuka la nje liishike. Gunia la namna hiyo likikupiga linaua. Mvua ikizidi na mawingu yakishuka ndege hazikuja, na hapo watu walifunga mikanda.

Brigedi mbili ziliposhuka na bonde, ya tatu ilielekezwa kushoto kuufikia mto Chindwin kwenye kijiji cha Sittaung, mwanzoni mwa Septemba. Oktoba walikuwa Yazagyo. Katikati ya Novemba walikutana na Divisheni ya 5 ya India karibu na Kalemyo. Mbele yao ikabaki njia moja, korongo la mto Myittha, majabali pande zote mbili, Wajapani juu. Tarehe 2 Desemba 1944 Kalewa ikawa mikononi mwa Divisheni ya 11. Hiyo ndiyo "Kalewa" ya babu yenu.

Siku chache tu baadaye walikuwa wamevuka Chindwin kwa mashua na kushika ukingo wa mashariki, wakipigiwa mizinga. Nyuma yao wahandisi wakaweka daraja la kuelea la vyuma, urefu wake karibu mita 350, daraja refu kuliko yote ya aina yake duniani wakati ule, likakamilika tarehe 10 Desemba. Kwa daraja hilo Jeshi la 14 lilimwagika kwenda kwenye nyanda za kati za Burma, hadi Mandalay. Lakini waliolifungulia njia hawakuendelea. Divisheni ya 11 iliondolewa ikarudishwa India kupumzika, na vita vikaisha kabla haijaitwa tena. Hilo linasaidia kueleza kwa nini vitabu vya ushindi wa Burma vinawataja watu wetu katika kurasa chache za mwanzo kisha vinawaacha. Walifanya ile sehemu ya matope.

Kuna tawi jingine nililitaje kwa ufupi, kwa faida ya wenye babu wa "arobaini na sita". Kikosi cha 46 cha Tanganyika hakikuwa katika divisheni hii. Kilikuwa Brigedi ya 28, iliyojitegemea, ambayo Februari 1945 ilitumwa Seikpyu kwenye mto Irrawaddy kujifanya inataka kuvuka hapo, ili Wajapani wasitazame mahali halisi pa kuvukia. Wajapani wakaamini, wakaishukia kwa nguvu, ikabidi irudi nyuma hadi Letse ikashikilia hapo. Nao hawasomwi sana.

Kurudi nyumbani kulichelewa. Meli zilikuwa chache na wengi walikaa India miezi mingi baada ya Mjapani kusalimu amri, wakifanya kwata isiyo na vita na kuzungumza usiku. Mazungumzo hayo yalizaa mambo. Ndugu wawili wa Dar es Salaam, Abdulwahid na Ally Sykes, walikuwa miongoni mwa Watanganyika waliokuwa Burma, na wote wawili walikuja kuwa katika waanzilishi wa TANU mwaka 1954. Baba yao, Kleist, alikuwa amepigana Vita vya Kwanza upande wa Lettow-Vorbeck. Familia moja, vita viwili, bendera mbili za watu wengine.

Sasa nyota. Ichukue, usiisugue kwa majivu wala kwa kitu chochote kile, ifute tu kwa kitambaa kikavu. Ina ncha sita. Katikati kuna taji na herufi za mfalme, na kuzunguka duara kuna maneno ya Kiingereza. Yasome kwa kioo cha kukuza. Ikiwa limeandikwa neno Burma, basi ni Nyota ya Burma, na utepe wake ni wa buluu iliyokolea, wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari miwili ya rangi ya machungwa pembeni. Ukisoma Africa, utepe utakuwa wa rangi ya mchanga, mstari mwekundu katikati, na miwili myembamba ya buluu, mmoja umekolea, mwingine umefifia. Nyota hiyo ya pili itatuambia kwamba babu alikuwa jeshini mapema, kwenye vita vya Uhabeshi, na kwamba huenda alihamishwa kikosi kabla ya kwenda Burma. Hapo hadithi itabadilika, na itabidi tuanze kumtafuta katika 6 kabla ya 26.

Kisha tafuta wazee, leo, siyo mwakani. Usiwaulize brigedi. Waulize babu alikuwa na rafiki gani jeshini, wa kabila gani. Akitajwa Mganda wa kikosi cha jirani, hiyo haitoshi, maana Brigedi ya 25 na ya 26 zote zilikuwa na Waganda. Lakini akitajwa rafiki wa Nyasaland waliyepigana bega kwa bega, tutaegemea 36 na Brigedi ya 26, kwa sababu 22 KAR walikuwa huko. Akitajwa Mkenya wa 11 KAR, tutaegemea 26 na Brigedi ya 25. Uliza pia kama baada ya vita aliendelea na jeshi hapo Tabora, maana "Kalewa" yaweza kuwa mambo mawili kwake: mji aliouteka na kambi aliyolala. Na uliza kama kuna ndugu aliyekwenda naye asirudi. Waliokufa wana rejesta, inayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na humo majina mengi yameandikwa pamoja na namba ya kikosi. Wengi wa waliofia Burma bila kaburi wameandikwa kwenye nguzo za Taukkyan, karibu na Yangon. Ukipata jina moja la mtu wa kijiji chenu katika 26 au 36, swali lako litakuwa limejibiwa na yeye, kwa sababu vijana waliandikishwa pamoja na mara nyingi walipelekwa pamoja.

Niandikie utakapokuwa umesoma maneno ya kwenye nyota. Unitajie na rangi ya utepe, hata kama umefifia.